Kigumba hakigongi palipogonga ncha ya mazoezi: mwongozo kamili wa kuchagua na kurekebisha mishale ya kuwindia

Lalamiko ni lile lile kila msimu unapokaribia. Mtu amefanya mazoezi miezi mitatu, na kwa mita 20 mishale yake inaingia yote kwenye eneo la ukubwa wa kisahani. Wiki moja kabla ya kuingia porini anafunga vigumba, yaani ncha za kuwindia zenye mabapa makali, anafyatua, na mshale unakita kiganja kizima kando ya alama. Anasogeza pini za kulengea. Vigumba sasa vinagonga katikati, lakini akirudi nyuma hadi mita 30 vinakwenda upande tena, na ncha za mazoezi nazo zimeshapotea. Anaamua kwamba vigumba ni vibovu na ananunua vingine.

Vigumba havina kosa. Kigumba kina mabapa, na mabapa yaliyo mbele ya mshale hushika hewa kama manyoya ya nyuma yanavyoishika. Mshale ukitoka upindeni ukiwa umekaa upande kidogo, ncha ya mazoezi haina cha kushika hewa, kwa hiyo manyoya yanapata nafasi ya kuunyoosha. Kigumba hakitoi nafasi hiyo: kinashika hewa na kuuvuta mshale mzima kule kilikoelekea. Pini za kulengea haziwezi kutibu hilo. Kinachotakiwa ni mshale utoke umenyooka, na hapo mambo mawili ndiyo yenye neno: wano linaloendana na upinde, na kiegemeo (kile kifaa cha upinde kinachoubeba mshale) kilichokaa mahali pake.

Mwongozo huu unamhusu zaidi mwenye upinde wa kapi, yaani wenye magurudumu kwenye ncha za mikono yake, anayetumia kifyatulio, kifaa cha mkononi kinachoshika na kuachia upote badala ya vidole. Anayevuta kwa vidole atafuata hatua zote isipokuwa ya 5, na badala yake atakwenda ya 6.

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Mawano angalau 8 ya aina moja na ugumu mmoja. Wano ni uti wa mshale wenyewe, kabla ya kupachikwa chochote.
- Noki, yaani vile vipande vya nyuma vyenye mwanya unaopokea upote (uzi wa upinde), na inseti za kupokea ncha.
- Ncha za mazoezi na vigumba vya uzito mmoja. Si uzito unaokaribiana: mmoja.
- Mizani ndogo inayosoma greini au sehemu za gramu. Gramu 1 ni greini 15.4 hivi.
- Mizani ya kuning'iniza ya kupimia nguvu ya upinde, na utepe wa kupimia.
- Pima maji ndogo na bevu au kitu kingine chenye pembe mraba.
- Alenki zinazoingia kwenye skrubu za upinde wako.
- Gundi ya inseti, spiriti ya kufutia na msasa laini.
- Fremu ya mbao au boksi lililotobolewa pande mbili, na karatasi za kutosha.
- Shabaha ya povu inayovumilia vigumba. Gunia lililojazwa matambara halifai. Mabapa yatalichana na kunasia humo.
- Miwani ya kinga, barakoa, kalamu ya wino usiofutika na daftari.

Daftari si pambo. Bila hilo, kufikia jioni hutajua ulisogeza nini wala kwa kiasi gani.

## Hatua ya 1: Pima upinde na mvuto wako

Usiamini namba iliyobandikwa kwenye upinde. Ning'iniza upinde kwenye mizani, uvute taratibu hadi mwisho na usome kilele. Upinde ulioandikwa ratili 70 unaweza kuwa umelegezwa na mwenye nao wa kwanza, ukawa na 62 tu.

Kisha pima mvuto. Pachika mshale mrefu usiokatwa, vuta kama unavyovuta siku zote, na mwenzako atie alama ya kalamu pale mshale unapopita mbele ya kiegemeo. Fanya hivyo mara tatu. Alama zikitofautiana kwa zaidi ya nusu inchi, bado hujatulia katika mkao wako, na hakuna wano litakalokutibu hilo. Rudi kwenye mazoezi kwanza.

Onyo: usifyatue upinde mtupu hata kwa mzaha. Nguvu ambayo ingebebwa na mshale hurudi kwenye mikono ya upinde, na inaweza kuivunja papo hapo.

Umefaulu ukiwa na: namba mbili daftarini, nguvu halisi kwa ratili na urefu wa mvuto kwa inchi.

## Hatua ya 2: Chagua ugumu wa wano

Hapa ndipo wengi wanapoteza fedha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Namba kama 300, 340, 400 au 500 iliyochapwa kwenye wano ni kipimo cha kupinda. Wano huwekwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, katikati unaning'inizwa uzito wa ratili 1.94, kisha hupimwa limebonyea kiasi gani. Likibonyea inchi 0.400 linaitwa 400. Namba ndogo basi ni wano gumu zaidi, na namba kubwa ni wano laini. Kuna watu wamepiga upinde miaka mingi wakidhani ni kinyume chake.

Kipimo hicho kinachukuliwa wano likiwa limetulia. Upindeni hali inabadilika, kwani upote unapolisukuma ghafla kwa nyuma huku uzito wa ncha ukiwa umekaa mbele, wano hupinda na kujinyoosha mara kadhaa likiwa njiani. Mambo matatu hulifanya lipinde zaidi, kana kwamba ni laini kuliko namba yake: kuongeza nguvu ya upinde, kuongeza uzito wa ncha, na kuongeza urefu wa wano. Ukipunguza lolote kati ya hayo, linakuwa kama gumu zaidi.

Chukua namba zako za hatua ya 1, amua uzito wa ncha (greini 100 na 125 ndizo zinazopatikana kwa wingi), kisha fungua jedwali la mtengenezaji wa mawano hayo hayo unayonunua. Kwa upinde wa kapi wa ratili 60, wano la inchi 28 na ncha ya greini 100, majedwali mengi yatakuangusha karibu na 400. Ukiweka ncha nzito zaidi au ukiacha wano refu, utasogea kuelekea 340.

Ukijikuta kwenye mpaka wa namba mbili, kwa upinde wa kapi wenye kifyatulio chukua gumu zaidi. Wano gumu kupita kiasi kidogo linatulia haraka na bado linarekebishika. Lililo laini mno hutawanya mishale, na kwa upinde wenye nguvu ni hatari, kwa maana linaweza kuvunjika wakati wa kufyatua na vipande vikaingia mkononi.

## Hatua ya 3: Uzito wote, na mahali mshale unapolala sawa

Mshale mwepesi unaenda kasi na unapendeza kwenye shabaha. Kwa mnyama, mzito unaingia zaidi: unahifadhi mwendo wake vizuri ukikutana na ngozi na mbavu, na upinde wenyewe unapiga kelele kidogo.

Mpaka wa usalama unaotumika sana kwa pinde za kapi ni greini 5 kwa kila ratili ya nguvu. Upinde wa ratili 60 basi hautakiwi kupewa mshale wa chini ya greini 300. Hiyo ni kinga ya upinde. Kwa kuwindia mimi nisingeshuka chini ya greini 7 kwa ratili, na kwa mnyama mkubwa mwenye mifupa mizito ningepanda zaidi ya hapo. Wenye pinde za jadi huanzia 8 na mara nyingi hufika 10.

Jumlisha kabla ya kununua. Wano la greini 8.5 kwa inchi, likiwa na inchi 28, ni greini 238. Ongeza kigumba 125, inseti 25, noki 10 na manyoya matatu ya plastiki ya greini 7 kila moja: jumla 419. Kwa ratili 60 hiyo ni karibu 7 kwa ratili. Inatosha.

Sasa mlalo. Weka mshale uliokamilika juu ya ukingo mwembamba hadi usiangukie upande wowote, tia alama, kisha pima kutoka kwenye mwanya wa noki hadi alama hiyo. Toa nusu ya urefu wa mshale (noki hadi mwisho wa wano, ncha haihesabiwi), gawa kwa urefu wote, zidisha kwa 100. Mshale wa inchi 28 unaolala sawa kwenye inchi 17.5 unapata 12.5 kwa mia. Kati ya 10 na 15 ni pazuri kwa kuwindia. Chini ya hapo manyoya yanahangaika kukiongoza kigumba.

Kabla ya kulipia vigumba, soma sheria ya wanyamapori ya eneo utakalowindia. Zipo zinazoweka nguvu ya chini ya upinde, upana wa kigumba au aina yake, na zipo zinazokataza upinde kabisa.

## Hatua ya 4: Kata, gundisha, zungusha

Kata wano lizidi kiegemeo kwa inchi moja hivi ukiwa umevuta hadi mwisho (anayevuta kwa vidole asome hatua ya 6 kabla ya kukata). Fupi kuliko hapo, kigumba kinaweza kurudi hadi kwenye vidole vya mkono ulioshika upinde, na hicho ni kisu.

Wano la kaboni halikatwi kwa msumeno wa meno wala kikata bomba, linachanika nyuzi. Tumia gurudumu la kukatia linalozunguka kasi, ukiwa na barakoa na miwani, maana vumbi la kaboni si la kuvuta. Sugua mwisho kwa msasa hadi uwe mraba kabisa, futa ndani kwa spiriti, acha ikauke, ndipo uingize inseti kwa gundi huku ukiizungusha.

Gundi ikishika, funga kigumba, simamisha mshale kwa ncha yake juu ya kitu kigumu na uuzungushe kama pia. Tazama pale kigumba kinapokutana na wano. Pakitulia kama hakizunguki, vizuri. Pakiyumba, inseti imekaa upande au wano limepinda. Jaribu kigumba kingine kwanza. Yumbo likibaki, mshale huo ni wa mazoezi tu. Hakuna marekebisho ya upinde yatakayouponya.

Kwa manyoya, yaliyobandikwa kwa mzunguko kidogo kufuata wano yanaongoza kigumba kuliko yaliyonyooka. Kigumba kipana chenye mabapa yasiyokunjika kinahitaji manyoya makubwa zaidi au manne badala ya matatu. Vigumba vinavyojifungua vikigonga vinahitaji uongozi mdogo, ila vinakula sehemu ya nguvu ya mshale kufunguka. Mwenye upinde dhaifu ni heri akae navyo mbali.

Mwisho wa hatua hii, andika namba kwenye kila mshale. 1, 2, 3, hadi wa mwisho. Utazihitaji.

## Hatua ya 5: Mahali pa kuanzia, kisha karatasi

Panga upinde hivi: mshale ulale ukifanya pembe mraba na upote, upite katikati ya tundu la skrubu ya kiegemeo, na ukitazamwa kutoka nyuma uwe sambamba na upote badala ya kuchungulia kando. Kagua pia jinsi noki inavyoshika. Ning'iniza mshale kwenye upote ukielekea chini. Ujishikilie wenyewe, lakini ukigonga upote kidogo kwa kidole udondoke. Noki inayong'ang'ania inauvuta mkia.

Simamisha fremu ya karatasi mita 2 mbele yako na shabaha nyuma yake. Fyatua mshale wenye ncha ya mazoezi ukiwa umeuelekeza sawa na ardhi. Tundu la mviringo ni la ncha, mipasuko ni ya manyoya. Mipasuko ikikaa pande zote za tundu, mshale umepita ukiwa umenyooka. Ikikaa juu ya tundu, mkia ulikuwa juu.

Piga mara tatu kabla ya kugusa alenki. Mpasuko unaobadilika kila mara, juu, kushoto, kulia, unatoka mkononi mwako. Legeza vidole, acha upinde uegemee kiganja bila kuubana, kisha rudia.

Mpasuko ukiwa wa aina moja kila mara:

- Mkia juu: pandisha kiegemeo kidogo, au shusha kitanzi cha upote, kile ambacho kifyatulio hushikia.
- Mkia chini: fanya kinyume chake. Ikigoma, pakaza poda kwenye manyoya na uone kama yanagusa kiegemeo.
- Mkia kushoto au kulia: sogeza kiegemeo upande mmoja kwa chini ya milimita moja, fyatua tena. Mpasuko ukipungua endelea huko huko. Ukiongezeka rudi upande wa pili. Usikariri upande, kwa sababu mkono uliobana, kapi iliyoinama na wano lisilofaa vyote huandika mpasuko unaofanana.

Mpasuko wa pembeni ukikataa kuondoka, punguza nguvu ya upinde kwa nusu mzunguko wa skrubu za mikono ya upinde, juu na chini kwa usawa, na uangalie. Ukipungua, wano lako ni laini mno kwa upinde huo. Ni habari mbaya, lakini afadhali kuipata uani kuliko porini.

Umefaulu ukiona: tundu safi, au mpasuko usiozidi nusu sentimita, mara tatu mfululizo. Usiue siku mbili ukitafuta tundu kamilifu. Karatasi ni mlango tu. Jibu liko hatua ya 7.

## Hatua ya 6: Kwa wanaovuta kwa vidole

Upote ukitoka vidoleni huteleza upande, kwa hiyo wano linapinda sana kuzunguka mpini. Ugumu hapa una uzito kuliko kwenye kapi. Usikate mawano mapema. Anza nayo marefu.

Andaa mishale mitatu yenye manyoya na miwili isiyo nayo, ncha zikiwa za uzito mmoja. Simama mita 10, ukishazoea sogea hadi 15. Fyatua yote ukilenga alama moja na ulinganishe makundi mawili.

Anza na urefu, yaani juu na chini. Mishale isiyo na manyoya ikigonga chini ya mingine, fundo la upote, yaani alama ya mahali pa kupachika noki, liko juu mno, lishushe. Ikigonga juu, lipandishe. Kuna mtego: fundo likiwa chini sana, mkia hugonga rafu ya upinde (pale mshale unapolala juu ya mpini) na kuruka, na matokeo yanasomeka kama fundo lililo juu. Ndiyo maana ni bora kuanza juu kwa makusudi na kushuka kidogo kidogo.

Kisha pembeni. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, isiyo na manyoya ikienda kushoto, wano ni gumu mno: ongeza uzito wa ncha au chukua wano laini zaidi. Ikienda kulia, wano ni laini mno: punguza uzito wa ncha, au kata wano robo inchi, gundisha, ujaribu tena. Robo inchi, si zaidi. Mimi niliwahi kukata inchi nzima kwa uvivu, nikapita mahali pazuri bila kupaona, na mawano sita yakawa vijiti vya kufungia nyanya. Anayevuta kwa mkono wa kushoto ageuze pande.

Usiipeleke mishale isiyo na manyoya mbali zaidi. Ikiingia shabaha kwa pembe kali huvunjika.

## Hatua ya 7: Kigumba dhidi ya ncha ya mazoezi

Mita 20, upepo umetulia, mkono haujachoka. Chukua mishale mitatu yenye ncha za mazoezi na mitatu yenye vigumba. Fyatua ncha kwanza, kisha vigumba, ukilenga alama tofauti kwa kila mshale wenye kigumba ili usikate manyoya ya mwingine. Baadaye pima kila kimoja kiliachana na alama yake kwa kiasi gani.

Sasa kanuni moja: sogeza kiegemeo kuelekea unakotaka vigumba viende. Vigumba viko kushoto kwa ncha, sogeza kiegemeo kulia. Viko chini, pandisha. Kila mara chini ya milimita moja, mwelekeo mmoja tu, halafu mishale sita tena. Ukigusa juu-chini na kushoto-kulia kwa pamoja hutajua ni kipi kimefanya kazi.

Pini za kulengea usiziguse. Makundi yote mawili yatahama kwenye alama, na inaumiza macho kuona. Vumilia. Unachotafuta ni yakutane popote yatakapokutana. Yakishakutana kwa mita 20 rudi 30, kisha hadi umbali wa mwisho ambao kwa dhati utakubali kumpiga mnyama. Hapo ndipo unachukua alenki ya pini na kuyaleta yote katikati.

Ikiwa vigumba havifanyi kundi, mmoja juu, mwingine kulia, acha kiegemeo. Tatizo ni mishale: rudi kwenye kuizungusha kama pia, au manyoya yako ni madogo kwa kigumba hicho.

Onyo: funga na fungua vigumba kwa kifungulio chake, kamwe si kwa vidole. Na vigumba vilivyopiga povu vimepoteza makali, kwa hiyo vinolewe upya au vibakie vya mazoezi.

## Hatua ya 8: Mshale mmoja mmoja

Namba ulizoandika zinafanya kazi sasa. Fyatua kila mshale mara kadhaa na uandike unapogonga. Ukiona namba 5 inatoka nje ya kundi kila mara, zungusha noki yake robo, ujaribu tena, hadi imalize mzunguko. Wano huwa na upande mgumu kuliko mwingine, na mara nyingi likigeuzwa linarudi kundini. Lisiporudi baada ya robo zote nne, mshale huo usiingie podoni.

Iliyofaulu, ikunje kila mmoja kwa mikono miwili iwe upinde mdogo, pande zote, huku ukisikiliza karibu na sikio na miwani ikiwa usoni. Mlio wa kuvunjika au mstari unaoonekana kwenye kaboni maana yake ni kuutupa, hata kama ulinunuliwa jana. Rudia kila mshale unapogonga kitu kigumu.

Mwisho, chora mstari mwembamba wa kalamu unaovuka kiegemeo na mpini, na mwingine unaovuka skrubu zake, kisha uandike vipimo daftarini. Ukiwa porini utazame kila asubuhi kabla ya kutoka. Nusu mbili za mstari zisipokutana, kiegemeo kimelegea. Rudi hatua ya 7 kabla hujamlenga mnyama.